Sifa Nilizompa Noela

Mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa maabara na hospitali alinipigia simu wiki tatu baada ya mimi kustaafu. "Auntie Rebeka," akasema, "si utuandikie kitu kidogo, vijana wasome. Kitu cha kuwatia moyo." Nikamwuliza kidogo ni kurasa ngapi, akacheka, akasema nijipimie mwenyewe. Haya basi. Wa kutia moyo ni wengi, tena wana sauti nzuri kuliko yangu. Mimi nitawaandikia nilivyofanya kazi, na jambo moja nililolifanya vibaya. Nawaambia mapema kwamba naliandika kwa aibu, ili mtu asije akalalamika baadaye kwamba alitegemea kuinuliwa.

Vyeo nitavipita. Mshahara pia nitaupita, hayo ni mambo yangu na watu wa kodi.

Siku yangu ya kwanza kazini nchi hii ya Marekani ilikuwa Irving, Texas, kwenye maabara ndogo karibu na uwanja wa ndege. Tulikuwa tunapima vyakula vinavyopakiwa kwenye ndege: kuku, saladi, na zile keki ndogo zisizomshibisha hata mtoto. Nilikuwa nimesomea ufundi wa maabara Nairobi na kufanya kazi hospitali ya wilaya huko Bungoma kwa miaka sita, kwa hiyo nilijiona fundi. Saa moja asubuhi nikapewa trei yenye visahani arobaini vya kuoteshea vijidudu niipeleke chumba cha pili. Mimi mlango nimezoea kuusukuma kwa bega. Kumbe ule wa Irving unajifungua wenyewe ukikaribia. Nikaweka bega, bega likakuta hewa, mimi na trei tukaingia chumba cha pili kwa pamoja, chini kwa chini. Visahani vyote arobaini vikapasuka.

Aliyekuwa zamu siku hiyo ni mama mmoja wa Kifilipino, Luz, mfupi, mwenye miwani ya kamba. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza, alileta fagio mbili. Tulipomaliza kufagia akaniambia, "Sasa andika kwenye daftari." Niandike nini? "Andika umeangusha visahani arobaini, saa ngapi, na jina lako." Nikaona huyu mama ana roho mbaya iliyofichwa. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kwake daftari la maabara ni kitu cha kuapiwa. Alichonifundisha kwa miaka saba naweza kukiandika kwa mstari mmoja: andika ulichoona, saa uliyokiona, na nani aliyekiona. Alinifundisha pia kushika pipeti, kile kifaa cha kunyonya na kudondosha maji ya vipimo, bila kukaza kidole gumba, na ndiyo sababu leo vidole vyangu bado vinakunjika, wakati wenzangu wa rika langu wanavivalisha bandeji. Mkitoka na hilo tu kwenye maandishi haya, hamtakuwa mmepoteza muda.

Mume wangu Wafula, ambaye ni nesi, alipopata kazi Houston tukahama. Tukanunua nyumba Pearland, pembeni mwa jiji, kama Wakenya wengine wote, nami nikaingia maabara ya utafiti katika mtaa wa mahospitali. Hapo nilikaa miaka kumi na tisa. Kazi yangu ilikuwa kutunza seli. Watu wa nje hudhani utafiti ni kuvumbua. Utafiti ni kulisha. Seli zinakaa kwenye vichupa ndani ya inkubeta yenye joto la mwili wa mtu, zinataka chakula kipya kila baada ya siku mbili, na hazijui Krismasi wala harusi ya binamu yako. Nimeacha ibada katikati ya mahubiri nikaenda kulisha seli. Mchungaji alidhani nina mgonjwa, nikamwacha adhani hivyo.

Miaka kadhaa kabla sijastaafu tuliletewa mtu mpya wa kuosha vyombo. Alikuwa Noela, Mkongomani wa Uvira, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye kutazama sana. Alikuwa amesoma biolojia chuo kikuu huko kwao, kisha vita vikamtoa, akakaa kambini miaka minane, akaja Houston na mama yake na binti mdogo. Walikuwa wanaishi Gulfton, mtaa wa wahamiaji, akija kazini kwa basi mbili. Kule nyuma tulikuwa na chumba cha vyombo chenye sinki kubwa na mashine ya kuoshea chupa, na hapo ndipo alipowekwa, na shahada yake. Jioni alikuwa anasoma uzamili katika chuo cha umma mjini, akaumaliza kwa miaka mitatu bila kuchelewa kazini hata siku moja.

Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake. Tukapatana haraka, maana katika ghorofa nzima ni sisi wawili tu tuliokuwa tunazungumza Kiswahili, ingawa chake na changu vilikuwa vinatazamana kwa mashaka. "Mama Rebeka," alikuwa ananiambia, "ninyi Bakenya munasema Kiswahili sawa batu banagombana." Nami namjibu kwamba wao wanakisema kama watu wanaoimba wakiwa wamesahau maneno. Alikuwa analeta sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kwa mkebe, mimi naleta chapati, tunakula pale karibu na dirisha. Nilimwita mdogo wangu. Nilikuwa namaanisha, na hilo ndilo linaloniuma.

Sasa nifike kwenye kesi yenyewe.

Kuna mwaka seli zetu zilianza kufa. Hazikufa zote, wala si kila wakati. Unafungua inkubeta asubuhi, vichupa kumi vizima, vitano vimekuwa uji. Daktari, mkuu wa maabara yetu, Mmarekani wa huku huku Texas, mpole lakini mwenye haraka, alinikabidhi mimi nitafute chanzo. Nikasema ni chakula cha seli, kampuni imetuletea kibaya. Tukabadilisha kampuni. Seli zikafa. Nikasema ni mikono ya wanafunzi, nikawasimamia mmoja mmoja wakilisha, mpaka mmoja akalia. Seli zikafa. Miezi mitatu ikapita hivyo, na mimi katika kila mkutano nikirudia kwa sauti kubwa zaidi kwamba ni chakula, maana nilishasema ni chakula.

Siku moja Noela akaja kwenye meza yangu akifuta mikono. "Mama, niko na neno," akasema. "Haiko chakula. Ni sabuni."

"Sabuni gani?"

"Ile mupya ya mashine. Inabakia ndani ya chupa. Maji ya mashine hayatoshi kuiondoa."

Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimetoka tu kuulizwa na Daktari mbele ya watu tumefika wapi. Nikamwambia maneno ambayo nikiyakumbuka hata leo nikiwa peke yangu jikoni huwa nafunika uso: "Noela, wewe osha vyombo, seli niachie mimi." Aliweka daftari la shule kwenye meza yangu, la mistari, lenye picha ya mwanasesere kwenye jalada, bila shaka la binti yake, akarudi kwenye sinki.

Nililifungua saa ya chakula. Kumbe kwa mwezi mzima alikuwa anagawa chupa za chakula cha seli mafungu mawili. Fungu moja aliliacha jinsi mashine ilivyoliosha. Fungu la pili alilisuuza tena kwa mkono, mara sita, kwa maji yaliyochemshwa yakawa mvuke na kupozwa yakawa maji tena, yale masafi kabisa. Kila chupa yetu ina namba, na sisi tukichota chakula cha seli tunaandika namba ya chupa kwenye orodha ya ukutani. Yeye alikuwa anajua namba zipi amesuuza. Sisi hatukujua. Kwa hiyo hata mikono yetu haikuweza kupendelea. Kila jioni kabla ya kupanda basi alikuwa anapita kwenye orodha, ananakili namba, na asubuhi anaangalia zipi zimekufa. Mwezi mzima, kurasa kumi na nne, kwa mwandiko mdogo wa shule za Kifaransa. Seli zilizolishwa kutoka chupa za kusuuzwa mara sita zilikuwa hai. Zilizokufa zote zilitoka fungu lile lingine, isipokuwa mbili tu zilizotatanisha, na hizo mbili alizizungushia duara akaandika kwamba hajui.

Nimefanya kazi na watu wenye shahada tatu ambao hawangekubali kuandika kwamba hawajui.

Nilirudia jaribio lake mwenyewe kwa wiki mbili, kimya kimya. Likatoka vile vile. Mkutano wa maabara ukafika. Waosha vyombo hawaitwi mkutanoni. Nikasimama, nikasema kwa Kiingereza changu kizuri, "Nimefuatilia namba za chupa, na nimeona tatizo ni sabuni." Nimefuatilia. Nimeona. Nilikuwa nimejiambia kwamba nitasema jina lake mwishoni. Lakini Daktari aliinuka akapiga makofi, wengine wakapiga, mmoja akasema "Rebecca, you saved us," na ule mwisho niliokuwa nimeupanga haukufika. Mnajua karatasi ile iliyobandikwa juu ya sinki, ya kusuuza mara sita, iliyokuwa na jina langu? Waliofanya kazi pale wanaijua. Wanafunzi wapya walikuwa wanafundishwa siku ya kwanza, wakiambiwa hii ni suuza ya Rebecca. Si mimi niliyeivumbua. Nilinyanyua daftari la mtoto tu.

Noela nilimrudishia daftari lake nikamwambia, "Ulikuwa sawa, dada. Tutabadilisha." Akasema, "Aksanti, Mama." Akaanza kusuuza mara sita kwa amri yangu.

Mwaka uliofuata alikuja mbio kwenye korido, simu mkononi, nami sijawahi kumwona akikimbia. Alikuwa ameona tangazo la chuo kikuu kimoja huko Ulaya: nafasi za uzamivu, nne, zenye mshahara. Mjue kwamba kule katika nchi nyingi mwanafunzi wa uzamivu ni mwajiriwa. Anapewa mkataba wa miaka minne, ofisi, bima, likizo, na karo halipi. Nafasi moja ilikuwa ya utafiti wa seli za samaki, virusi vinavyowaua samaki wa kufugwa. "Mama, angalia! Samaki!" Kwao Uvira, mama yake aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa, na kwa ndagala hao ndivyo alivyosoma. Mama na binti wangeruhusiwa kwenda naye. Aliisoma ile sehemu ya familia mara mbili, kwa sauti.

Walitaka barua mbili, moja ya mwalimu wa chuo na moja ya msimamizi wa kazi. "Barua ya kazi ni wewe, Mama. Hakuna mungine anayenijua." Nikamkumbatia. Nikamwambia asijali hata kidogo, nitamwandikia barua ambayo wataisoma wakiwa wamesimama.

Niliandika Jumamosi nzima. Niliandika kwamba hajawahi kuchelewa. Kwamba ni mnyenyekevu, mwaminifu, mcha Mungu, mwenye nidhamu ya hali ya juu, na hupokea maagizo bila maswali. Kwetu hizo ndizo sifa. Barua iliyonitoa mimi sekondari, aliyoniandikia mwalimu mkuu wetu, ilisema hivyo hivyo, mtiifu na mwenye heshima, na iliniingiza chuoni. Nikamsomea Wafula, akasema, "Huyo hata mimi ningemwajiri." Watu wetu wengi wamekosa nafasi kwa barua za namna hii, zilizoandikwa kwa upendo. Vijana, mkiandikiana barua za kwenda kwa watafiti, acheni utiifu kanisani. Andikeni mtu huyo aliwahi kuwaza nini.

Ningependa kuishia hapo, nisingizie mila. Nimeisingizia kwa zaidi ya miaka miwili. Lakini ile fomu ya mtandaoni ilikuwa na sanduku lake peke yake, lililouliza wazi: toa mfano mmoja wa mwombaji kufikiri kwa kujitegemea. Mfano nilikuwa nao. Ulikuwa na kurasa kumi na nne. Nilikaa mbele ya lile sanduku mpaka chai ikapoa, nikijua kwamba nikiuandika, nakala inaweza kumfikia Daktari, maana hawa watu wanajuana, wanakutana kwenye mikutano, wanaandikiana. Nikaandika maneno matatu: anategemewa siku zote. Nikabonyeza tuma.

Noela aliingia kwenye orodha fupi. Kumbe mwalimu wake wa chuo alikuwa amemwandikia vizuri, na mahojiano yake mwenyewe yalikwenda sawa. Walibaki wawili kwa nafasi ile ya samaki. Basi profesa mwenyewe, mama mmoja mwenye nywele nyeupe fupi, akaomba kuzungumza nami kwa video. Ilikuwa saa moja asubuhi ya Houston. Nilivaa ile blauzi yangu ya Pasaka.

Alikuwa mpole. Aliniuliza Noela ni mtu wa namna gani, nikammwagia sifa zile zile. Akazisikiliza zote. Kisha akasema, "Niambie siku moja ambayo hamkukubaliana. Yeye alisema hivi, wewe ukasema vile."

Nikasema, "Hajawahi kunipinga. Hata siku moja."

"Hata siku moja?"

"Ni mtu wa heshima sana."

Akaandika kitu. Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayekufungulia mlango na kuushikilia: "Na kuna jambo lolote alilogundua mwenyewe pale kwenu? Hata dogo. Hata la kuosha vyombo."

Nilikuwa nimekaa kwenye ofisi yangu ya kioo. Nikiinua macho, naona sinki, na juu ya sinki ile karatasi. Nilihesabu moyoni mpaka tano. Nikasema, "Hapana. Kwetu tunafanya kazi kama timu."

Akanishukuru, akasema nimemsaidia sana. Nilizima kompyuta nikaenda chooni nikanawa uso. Sikulia. Nilijiambia kwamba nimemsifu, na mtu hawezi kumdhuru mwingine kwa kumsifu. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuamini.

Jibu lilikuja wiki mbili baadaye. Noela alinikuta karibu na friza, akanipa simu nisome, maana alitaka kuwa na hakika kwamba ameelewa. Walimshukuru. Walisema alikuwa wa pili. Walisema, na nakumbuka mpangilio wa maneno, kwamba maneno ya waliomsemea yalikuwa ya upendo mwingi lakini hawakuona ushahidi wa kufikiri kwa kujitegemea.

"Hii ni kusema nini, Mama?" akauliza. "Banasema mimi sifikiri?"

Pale palikuwa na sisi wawili tu, na friza ikinguruma. Ningeweza kusema. Nikamshika bega, nikamwambia, "Mungu ana mpango wake, Noela. Wakati wake ndio bora." Akasema, "Amina, Mama." Akarudi kuosha vyombo. Nilimtia Mungu mdomoni ili nisiungame kosa langu. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linalonifanya nishindwe kuomba kwa sauti mbele ya watu mpaka leo.

Kwa miaka miwili iliyofuata nilimjaza wema. Nilimpa lifti mpaka Gulfton mvua ikinyesha. Binti yake nilimnunulia koti, viatu, begi la shule. Nilimpeleka mama yake kliniki ya macho. Wenzangu kanisani wakawa wananisema vizuri, ati Mama Rebeka ana moyo kwa wakimbizi. Kila zawadi aliipokea kwa mikono miwili, na kila mara nilipomwona anapokea nilijichukia kidogo zaidi, kisha nikanunua nyingine.

Nikastaafu. Waliniandalia sherehe kwenye ukumbi wa kanisa, Pearland, pilau, mbuzi, na Wakongomani wakaleta bugali, ndiyo ugali wao, na sombe. Daktari alikuja, akazungumza juu ya suuza ya Rebecca, watu wakapiga makofi. Kisha Noela akaomba dakika moja. Alikuwa amevaa kitenge cha kijani. Akasema, "Mama Rebeka alinipokea. Alinifundisha kazi. Aliniandikia barua ya Ulaya. Mungu amukumbuke kwa yote aliyofanya." Akakaa. Watu wakasema amina. Mimi nikashindwa kumeza nyama iliyokuwa mdomoni, Wafula akadhani ni mfupa, akanigonga mgongoni.

Wiki mbili nilizunguka nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jumamosi moja mchana nikachukua gari nikaenda Gulfton. Nilibisha. Binti yake, sasa mrefu kuliko mimi, akafungua, akapaza sauti kule ndani, "Mom, it's your boss!"

"Si boss tena," Noela akajibu kutoka jikoni. "Ingia, Mama. Karibu. Grâce, leta kiti."

Nilikataa kiti mpaka binti alipokwenda chumbani. Kisha nikakaa. Alinimiminia chai. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakatoka yote kwa mkupuo, yameshikana. Nikamwambia, "Ile kazi ya chupa ilikuwa yako. Niliisema mkutanoni kama yangu. Na yule profesa aliponiuliza kama umewahi kunipinga, kama umewahi kugundua kitu, nikamwambia hapana. Nilikuwa namwangalia machoni, Noela, nikasema hapana. Nafasi ile uliikosa kwa sababu yangu."

Alikuwa anakoroga sukari. Akaendelea kukoroga, kijiko kikigonga kikombe pole pole.

"Ya mukutano nilijua," akasema. "Nilikuwa chumba cha vyombo, mulango ulikuwa wazi. Nilisikia yote."

"Ulijua? Siku ile ile? Miaka yote hiyo tunakula pamoja, ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukusema?"

Akaweka kijiko chini, akaniangalia kama mtu mzima anavyomwangalia mtoto aliyeuliza jambo la wazi. "Ningesema, Mama, nani angeniandikia barua?"

Niliinamia kikombe changu.

"Ya profesa ndiyo sikujua," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ile siku nilikuwa nafunga. Nilifunga siku mbili juu ya ile mazungumzo yako na yeye. Nilikuwa naombea wewe upate maneno."

Hapo nililia, nikiwa na miaka sitini na sita, kwenye kiti cha plastiki, hata nikaona aibu kwamba ninalia mimi wakati aliyeibiwa ametulia. Nikamwambia nitaandika barua nyingine. Leo leo. Nitaandikia kile chuo, nitamwandikia yule profesa, nitaandika kurasa zote kumi na nne kama anataka, nitamwambia Daktari afute jina langu kwenye ile karatasi.

Aliniacha nimalize. Alisogeza kile kikombe changu karibu nami zaidi, kwa adabu, chai isipoe.

"Daktari, umwambie," akasema. "Ile ni kweli, na kweli isemwe. Barua, hapana. Nimekusamehe, Mama, mbele ya Mungu, sikudanganyi. Lakini usinisemee tena."

Nilikunywa chai nikaimaliza, maana kuiacha kungekuwa tusi jingine. Akanisindikiza mpaka kwenye gari, kama tunavyofanya, akangoja mpaka nikatoka kwenye geti.

Daktari nilimwambia Jumatatu. Alisikiliza akiwa amesimama, koti mkononi, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akaenda kwenye sinki, akakata jina langu kwa kalamu, akaandika la Noela. Barua sikuandika. Noela ameomba tena nafasi Ulaya mwaka huu, katika chuo kingine. Nimesikia kwa watu.